Nimeamua kushika kamera nikiwa bado chuo, ila kazi zangu zenyewe siruhusiwi kumuonyesha mtu (Tanga)

Mtoto_wa_Ngamiani (mleta uzi)

Habari za usiku wakuu, nyie mnaojua kamera na nyie mnaojua maisha. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Mimi binti wa Tanga mjini, Ngamiani, barabara siitaji namba maana huku ukitaja barabara umeshataja nyumba. Nasoma shahada ya uhasibu, nimemaliza mwaka wa pili, nipo nyumbani likizo ndefu nasubiri mwezi wa kumi. Sifeli, sijafukuzwa, sina mimba (nayasema mapema kabla hamjauliza). Ila nimeamua nikimaliza siendi kuzungusha bahasha za kuomba kazi kwenye maofisi, nataka riziki yangu itoke kwenye picha. Hilo nimeshaamua kwa hiyo siulizi niamue nini, nauliza nafanyaje, maana kuna jambo moja limenikwamisha na hata kwenye zile video za mafunzo sijaona mtu analigusa.

Ilianza hivi. Mwezi wa mlisho uliopita, si mnajua pwani harusi zinavyokimbizwa kabla Ramadhani haijaingia, binti wa mama mdogo wangu aliolewa. Wakakodi kameramani, kaka mmoja ana vifaa vya maana, taa, stendi, kila kitu. Siku bi harusi anasingwa, yaani anasuguliwa singo mwilini, yule kaka akaishia barazani anakunywa kahawa na wazee, ndani haingii mwanaume. Na ndani ndo kwenye harusi yenyewe jamani, nje kuna turubai na viti vya kukodi tu. Ndani bi harusi nywele wazi, kanga moja, mabega yote njano ya singo, mama watu wazima ambao barabarani hujawahi kuwaona hata kisigino ndo wanacheza mpaka jasho linatiririka, na somo yake (kungwi wake) kakaa mlangoni na beseni, kila anayeingia anaweka simu humo kama anatoa sadaka.

Mama mdogo akalalamika, jamani hii siku ipite hivihivi hata picha moja ya kumbukumbu? Somo akaangaza macho akanikuta mimi. Akaniambia wewe mtoto wetu, chukua simu yako, wewe peke yako, ukimaliza unakuja kukaa hapa miguuni kwangu.

Nikapiga. Kuna moja mpaka leo sijapata nyingine ya kuifikia. Bibi yake bi harusi, hana meno ya mbele, kainama anapuliza piko (ile rangi ya kuchora mikono) mkononi mwa mjukuu ikauke, na mjukuu kafumba macho anacheka kwa vile ile pumzi inamtekenya. Dirisha lilikuwa limefunguliwa upande mmoja tu kwa hiyo mwanga umeshika pua ya bibi na vidole vya bi harusi, kwingine kote giza.

Jioni nikakaa miguuni kwa somo tukapitia moja moja. Hii mtumie mama yake. Hii futa. Hii futa. Ile ya bibi akaitazama mda mrefu, akasema hii mtumie bi harusi mwenyewe, kisha futa. Nikafuta nikapewa elfu thelathini na sinia la pilau nikaona dunia yote yangu.

Wiki kama mbili baadae nipo hosteli, rumeti kashika simu yangu anatafuta wimbo, ile programu ya picha ikaleta yenyewe bila kuulizwa, "kumbukumbu zako", bi harusi wetu na singo lake skrini nzima. Rumeti ananiuliza huyu nani mbona mzuri. Mwili ulikufa ganzi. Kumbe data ilikuwa wazi siku ile na picha zilikuwa zinapanda mtandaoni zenyewe palepale kabla sijafika hata kwenye kufuta. Nilimuapia yule mama zimefutwa, na nilikuwa muongo bila kujua.

Sasa sijui kama mtanielewa, siku ile ndo nilijua hii kazi naitaka. Uhasibu haujawahi kunitetemesha mikono hivyo.

Boom la chuo lilipoingia nikala maharage miezi miwili, nikanunua Canon 1300D ya mtumba na lenzi yake ya 18-55 kwa laki sita na nusu, nikaona bora kitu ambacho hakiendi mtandaoni bila mimi kutaka. Toka nipate nimeshapiga harusi nne, zote upande wa wanawake, zote kwa kuitwa na watu wanaonijua.

Baba yangu ni fundi baiskeli, mtu mpole hana maneno. Nilipomwambia akauliza swali moja: "Kwa hiyo miaka ishirini naziba pancha ili wewe ukae kwenye shughuli za watu mpaka saa nane usiku?" Akarudi kwenye tairi lake.

Sasa tatizo. Kila mtu ananiambia fungua ukurasa, weka kazi zako, watu wazione wakuite. Kazi zipi? Harusi nne, picha zaidi ya elfu mbili, na za kumuonyesha mtu sina hata moja. Jingine dogo, picha zangu za ndani zinatoka na rangi za ajabu, mara kijani mara njano, bi harusi wa mwisho katoka kama anaumwa. Nyumba nyingi huku zimepakwa kijani au bluu ile ya bahari, sijui inahusiana.

Karibuni.

---

kijana wa Makorora

Nimekaa paleeee.

---

Kobe Mzito

Uzi bila picha ni chai.

---

Mtoto_wa_Ngamiani

Mkuu umesoma lakini? Uzi mzima unahusu hilo hilo.

---

Kobe Mzito

Nimesoma kichwa cha habari.

---

Mgosi Mstaafu

Mwanangu, mimi nasema kama baba maana umri wa baba yako ndo wangu na mimi pia nimesomesha. Usinichukie.

Kwanza hilo boom mnaloliita boom ni mkopo. Bodi ya mikopo haikukupa zawadi. Siku ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara na usipoajiriwa deni halisahau anuani yako. Kwa hiyo hiyo kamera umeinunua kwa pesa ya kesho yako. Sisemi umekosea, nasema ijue bei yake halisi.

Pili, mwaka mmoja umebaki. Nimeona vijana wameacha mwaka wa mwisho kwa sababu ya muziki, mpira, na sasa hivi kubeti. Kamera haiharibiki ikikaa mwaka mmoja kwenye sanduku.

Tatu, baba yako hajakukataza. Soma tena alivyosema. Ameuliza saa nane usiku. Mzee anawaza unarudije nyumbani.

---

Mtoto_wa_Ngamiani

Shikamoo mzee. Hiyo ya tatu sikuiona kabisa, nimesoma tena mwenyewe nimekaa kimya. Chuo siachi, narudi mwezi wa kumi.

Ila mzee kamera ikikaa mwaka kwenye sanduku Tanga hii inaharibika kweli, nimeambiwa na fundi.

---

lenzi_chakavu

Fundi kasema kweli, na mgosi hapo juu ungeniuliza mimi. Lenzi yangu ya kwanza nilikuwa naitunza kama yai, begi la ngozi, kabatini, kufuli. Masika moja tu nikaifungua nikakuta ndani ya kioo kumeota nyuzinyuzi kama utando wa buibui, ni ukungu ule, unakula kioo na haufutiki kwa kitambaa maana upo katikati. Pwani hewa ni chumvi na maji. Bi dada nunua kopo la plastiki la kuwekea chakula, lile la mfuniko wa kubana, tupia humo vile vipakiti vidogo vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, omba hata maduka ya viatu wanavitupa, na kamera ilale humo. Usiweke mchele kama wanavyodanganyana, mchele una vumbi. Na ukitoka nayo ufukweni ifute mwili wote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kabla hujalala, siyo kesho.

Sasa rangi. Ukuta wa kijani ndo umekuponza, ndio. Bila shaka umewasha flashi au umetegemea mwanga unaodunda. Mwanga ukigonga ukuta unarudi umevaa rangi ya ule ukuta, ukimuangukia mtu anakuwa mgonjwa. Fanya hivi, omba shuka jeupe, harusi haikosi shuka jeupe, mpe shoga mmoja alishike kando ya bi harusi upande wa pili na dirisha, mwanga wa dirisha utagonga shuka utarudi mweupe umjaze kivuli cha shavu. Bure kabisa. Hiyo flashi ndogo inayochomoza yenyewe juu ya kamera isahau, inapiga usoni kama tochi ya sungusungu.

Usiku kwenye tyubulaiti kuna ugonjwa mwingine. Umeme wetu ni hezi 50, zile tyubu za zamani zinapepesa mara 100 kwa sekunde, macho hayaoni ila kamera inaona. Ukiweka shata (kasi ya kufunguka na kufunga) 1/250 ya sekunde utapata picha moja njano ya pili kijani ya tatu ina mkanda mweusi na hujagusa kitu. Shusha iwe 1/100 au 1/50, waambie mama zetu wacheze taratibu (hawatakusikia), ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ipandishe hadi 1600 au 3200, chengachenga kidogo haziui mtu. Na piga kwa faili la RAW siyo JPEG, RAW rangi unarekebisha nyumbani, JPEG kamera imeshakuamulia.

La mwisho halafu nakuacha. Kamera haijui shela ni nini. Yenyewe inataka dunia nzima iwe kijivu cha kati, ikiona gauni jeupe limejaa inapunguza mwanga, gauni linakuwa la kijivu na sura za watu weusi kama sisi zinakuwa masizi. Kwenye shela ongeza mwanga, +1 hivi. Wakijaa wenye baibui jeusi inafanya kinyume, inaunguza sura, hapo punguza. Ukishalielewa hilo tu umewaacha nyuma nusu ya makameramani wa mji huu, na mimi nikiwemo miaka yangu ya kwanza.

Lenzi ya 50mm f/1.8 usikimbilie. Tamu ndiyo, ila kwenye 1300D sensa ni ndogo inakuwa kama 80, na vyumba vyenu vya ndani utarudi nyuma mpaka ukalie ndoo ya singo.

---

kijana wa Makorora

Ndoo ya singo 😂😂 kula tano mkuu.

---

Bi Chumbageni

Mwanangu hongera, na mimi nakuja upande wa wenye harusi kwa sababu nimeoza mabinti watatu.

Hao wanaokwambia fungua ukurasa hawajui harusi zetu zinavyokwenda. Bi harusi wa kwetu hachagui mpiga picha wa ndani, anayechagua ni somo, na somo hatazami Insta. Somo anataka kujua wewe mtoto wa nani, mdomo wako ukoje, na zile picha za kwa fulani mwezi uliopita kuna mtu ameziona? Akijibiwa hakuna aliyeziona, hiyo ndo sifa yako. Wewe unalia huna cha kuonyesha na mimi nakwambia siku utakapokuwa na cha kuonyesha ndo siku hutaitwa.

Ila usituuzie maneno. Kufuta siyo kufuta. Nina kijana wangu wa mambo ya kompyuta alinifufulia picha za kadi ya kamera niliyoifuta mwaka mzima nyuma, zikarudi zote, nikacheka nikaogopa. Kwa hiyo somo akikukalisha miguuni mkafuta moja moja mnacheza kombolela tu. Fanya hivi, kila harusi nenda na kadi mpya, bei ya kadi itie kwenye malipo yako waambie mapema. Ukishawatolea picha zao, kadi yenyewe unaiweka mkononi mwa bi harusi au mama yake, mbele ya somo. Na unapozisafisha tumia kompyuta isiyo na intaneti, ukimaliza wakuone unatoa.

Na usirudi kufanya kazi ya laki na ishirini kwa elfu thelathini na pilau. Pilau ni haki yako hata usipopiga picha.

---

Kobe Mzito

Sasa kama hamtaki zionekane si msipige tu? Picha ya kufungia kabatini ya nini?

---

Bi Chumbageni

Mwanangu Kobe, nyumbani kwenu hakuna albamu? Ile yenye karatasi ya nailoni, imefungwa na kitambaa cha kutariziwa, bibi yako anaitoa siku akipenda yeye na anakufungulia ukurasa anaotaka yeye? Nani aliiposti ile?

---

Kobe Mzito

Ipo. Kuna kurasa mbili zimegundishwa na gundi mpaka leo hatujawahi kuambiwa kuna nini.

---

dau la jioni

Salamu kutoka Bagamoyo. Nimecheka hapo kwa Kobe.

Dada, mimi nilifanya kama wewe ila kwa kukurupuka, niliacha chuo Dar nikahamia huku nikiwa na kamera na godoro, na Bagamoyo nikakuta kila mtu ana kamera. Magofu ya Kaole yamepigwa, Boma la Mjerumani limepigwa, kanisa la misheni limepigwa, na milango ya kuchonga imepigwa mpaka nadhani imechoka. Mwaka wa kwanza nilikuwa napiga milango. Hakuna aliyeninunulia mlango hata mmoja. Kilichonilisha ni pasipoti saizi za wanafunzi na picha za vikundi vya ngoma, hapo nikajifunza kitu kimoja cha mwendo, mcheza ngoma anasimama hewani kidogo kabla ya kushuka, ukibonyeza hapo hata shata ya polepole inakuokoa.

TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) ipo huku, ile iliyokuwa Chuo cha Sanaa tangu 1981. Wewe una chuo chako tayari sikwambii uhame, ila wakati wa tamasha lao njoo na kamera uone watu wa sanaa wanavyoishi kwa kazi zao, wanavyolala njaa na wanavyolipwa, vyote.

Kuhusu cha kuonyesha, mimi nadhani ugawe kazi mafungu mawili. Za ndani zifungie kama alivyosema Bi Chumbageni. Za nje ndo ziwe ukurasa wako. Tanga mna Deep Sea, samaki wanashushwa alfajiri na jua letu la pwani linatoka baharini siyo kuzama baharini, kwa hiyo mwanga mzuri wenu upo saa kumi na mbili na dakika chache asubuhi na haukai, ukipiga mswaki taratibu umeukosa. Nenda Tongoni kwenye makaburi ya kale ukichoka na watu. Ila bandarini usielekeze lenzi bila ruhusa, mimi niliwahi kukaa benchi la watu nusu siku naelezea kwamba meli ilikuwa nzuri tu.

---

Wakili wa Baraza

Nitakuwa mfupi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na ilianza kazi 2023, sura ya mtu ni taarifa yake. Andika karatasi moja ya mkataba, Kiswahili cha kawaida, picha ni za nani, nani anabaki nazo, nani anaruhusiwa kuziona, na malipo. Weka sehemu ya wewe kuomba ruhusa ya picha moja au mbili kwa maandishi, wengine watakubali mkono wenye hina bila sura. Asiyekubali usimbembeleze.

Na msijidanganye kwamba uaminifu mnaoujua nyie mtaani unatosha. Unatosha mpaka siku watu wawili wamegombana.

---

Pweza wa Raskazone

Mimi napinga kidogo. Harusi siyo ndoto ya kupiga picha, harusi ni kibarua. Mtu mwenye jicho kama hilo la bibi na piko asipotee kwenye makeki na maua ya plastiki. Mpiga picha Mohamed Amin alianza akiwa mwanafunzi Dar es Salaam hapa hapa, 1963 akafungua kampuni yake ya picha, Camerapix, na picha zake za njaa ya Ethiopia 1984 ziliamsha dunia nzima. Mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa 1991 ukamtoa mkono na bado akarudi kazini, mpaka akafia kwenye ile ndege iliyotekwa ikaanguka Komoro 1996. Hiyo ndo picha.

---

lenzi_chakavu

Mkuu huyo binti ana 1300D na field report ya uhasibu, unampeleka vitani leo leo?

Halafu kibarua ndo kinatunza vitu. Nenda Unguja, Mji Mkongwe, ingia Capital Art Studio, ipo tangu 1930, angalia kuta zile. Wapo watu wakubwa wa siasa na wapo watu wa kawaida waliokuja na nguo yao ya sikukuu wakakaa kwenye kiti wakalipa wakaondoka. Mimi nikienda nawatazama hao wa kwenye kiti.

---

Pweza wa Raskazone

Hapo sina la kusema. Ila maua ya plastiki nayachukia palepale.

---

Mtoto_wa_Ngamiani

Nimerudi wakuu, wiki tatu, samahani.

Nilienda kwa yule somo. Nilikaa palepale miguuni nikamwambia yote, simu, data, hosteli, rumeti. Nilikuwa nimefunga leso mbili kwa woga. Alikuwa anachambua mchele, akachambua weeee, mpaka nikaanza kuhesabu mawe. Kisha akaniuliza, zimeondoka sasa? Nikamwambia nimeziondoa kila mahali na rumeti hakuzichukua. Akasema bi harusi nitamwambia mimi, wewe kaa kimya. Halafu akanipa siku. Ijumaa ya wiki ile ile.

Nikaenda na kadi mpya. Bei nikataja laki na ishirini na kadi juu, sauti ilikatika katikati lakini nikaitaja, mama mtu hakushtuka kabisa nikajuta sikusema laki na nusu. Karatasi ya wakili nilimpa asome akasema soma wewe, nikasoma kwa sauti kama risala. Shuka jeupe limefanya maajabu mkuu lenzi, sema walioshika walikuwa wanataka na wao kucheza kwa hiyo shuka likawa linacheza pia. Gauni nimeliongezea mwanga +1. Tyubulaiti nimeweka 1/100, kuna mama mmoja katoka mikono minne kwa kasi yake ila sura imetulia, nimeipenda kuliko zote. Kompyuta niliazima ya kaka yangu, intaneti nimeizima, na kadi nimemkabidhi bi harusi mwenyewe, kaifunga kwenye ncha ya kanga.

Deep Sea nimeenda asubuhi tano. Ya kwanza nilichelewa. Ya pili mvua. Ya tatu wavuvi walinifukuza kwa utani mpaka nikaenda kununua changu wa elfu tatu ndo nikaonekana mtu. Sasa wananiita kwa jina. Hao hawana shida na picha kabisa, shida yao ni kutaka kila mmoja apigwe kavimbisha kifua. Naprinti chache nawapelekea.

Baba bado. Nilimjibu la saa nane usiku, sasa narudishwa na bajaji ya jirani yetu tunamlipa kabisa, akaitikia mhh. Juzi kaniuliza hiyo kamera harusi moja ni sawa na pancha ngapi. Pancha yake jero, nikamwambia mia mbili na arobaini. Akanyamaza anageuza gurudumu. Akauliza, na mwezi wa Ramadhani je, watu hawaoi, lakini pancha zipo. Wakuu sikuwa na jibu na mpaka sasa sina.

---

Mgosi Mstaafu

Mzee wako ni mhasibu kuliko wewe.

---

Bi Chumbageni

Ramadhani kuna wauza futari wanaotaka picha za vyakula vyao, na mwisho wa mwezi familia nzima zina nguo mpya za Iddi. Mwambie baba.

---

Mtoto_wa_Ngamiani

Namwambia leo leo. Asante shangazi.

Halafu Kobe, kwa ajili yako. Bi harusi wa ijumaa nilimuomba picha moja tu kwa maandishi kama wakili alivyosema, akakataa zote za ndani, akaruhusu hii. Nimeipiga nimesimama kwenye kizingiti, nyuma yangu ngoma inalia. Sura hakuna, mkono hakuna. Viatu tu, nje ya mlango wa chumba cha wanawake, ndara, makubazi, visigino vya ukumbini, vimepandana kama dagaa, na jua la saa kumi linapita chini ya pazia. Nimeiambatanisha chini.

---

Kobe Mzito

Sasa siyo chai tena. Dada unajua.

---

lenzi_chakavu

Kile kimoja kilichoangukia upande, kivuli chake. Usiikate hata kidogo, iache hivyo.

---

dau la jioni

Hii naibandika ukutani kwangu, nitoe mlango mmoja.

---

kijana wa Makorora

Samahani wakuu. Hicho kiatu cha dhahabu mbele kabisa, kimelika kisigino upande wa ndani na kamba imeshonwa kwa uzi mweupe. Huyo si shemeji yangu? Ijumaa alituaga anaenda kumuona mgonjwa Muheza.

---

Mtoto_wa_Ngamiani

Nimeifuta.

---

Bi Chumbageni

Umeifuta kweli au umeifuta ya simu?